Kabati la kuslaidi: sukuma mlango mbele ya kamera kwanza, ndipo uandike bei



Leo naomba niwaambie kitu kilichonigharimu hela na usingizi. Ni kirefu kidogo, lakini kama unauza kabati za mtumba, meza za tivii, vitanda au fenicha yoyote ya mkononi kupitia Insta au WhatsApp, soma mpaka mwisho. Inakuhusu.

Msimamo wangu nautoa mapema kabisa: ukipost kabati la milango ya kuslaidi na picha za kusimama tu, bila video ya mlango ukisukumwa mwanzo hadi mwisho, unamficha mteja. Hata kama hujadhamiria. Na kama mlango unakwama na wewe unajua, badilisha rola kwanza ndipo uuze. Rola ni vile vigurudumu vidogo vinavyobeba mlango. Mafundi wengine wanaviita tairi, wengine magurudumu tu. Kitu cha elfu chache hicho.

Najua wapo watakaosema, "Dada, hii ni mtumba, mteja anajua anachonunua." Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo. Ngoja niwape kisa.

Nilinunua kabati la milango miwili kwa familia iliyokuwa inahama Mikocheni. Mlango mmoja ubao, mmoja kioo kizima kuanzia juu mpaka chini. Zuri kweli. Nilitoa 150,000. Fundi wa kulifungua na kulifunga tena 20,000, kirikuu 25,000, vijana wa kubeba 10,000. Jumla 205,000 mpaka limesimama kwangu Tabata.

Pale pale wakati linafungwa, fundi akaniambia, "Dada, huu mlango wa kioo rola zake zimekwisha. Sikia unavyolia." Akausukuma, ukalia krrr, ukakwama katikati, ukasogea kwa kubembelezwa. Nikamwambia, "Fundi, acha, mteja atajirekebishia mwenyewe." Nikafuta kioo vizuri, nikausogeza mlango pale unapokaa sawa, nikapiga picha nne. Caption: "Kabati kali la kioo, hali nzuri, 290,000 maongezi kidogo."

Siku ya pili mama mmoja wa Mbagala akaja inbox. Tukaongea kwa simu, shikamoo, marahaba mwanangu, hakupunguza hata shilingi. Hela ikaingia, mzigo ukatoka, nikahesabu faida 85,000. Nikaweka status ya kushukuru wateja.

Wiki tatu baadaye simu inaita saa mbili usiku. Mjukuu wake, mtoto wa miaka sita, alikuwa anafungua kabati atoe sare ya shule. Mlango ukakwama. Mtoto si mnamjua, akauvuta kwa nguvu kuelekea kwake. Mlango ukachomoka juu, ukamjia. Mungu saidia uliegemea kitanda kabla haujamfikia wote, lakini kioo kilipasuka na kipande kikamchana mguuni. Nyuzi tatu.

Kilichoniumiza zaidi, mama yule hakunitukana. Nilikwenda kesho yake asubuhi na matunda mkononi kama mjinga, nikiwa nimejiandaa kwa maneno makali. Akanikaribisha, akanipa kiti, akasema: "Mwanangu, ungeniambia tu kwamba mlango ni mbovu. Ningelichukua hivyohivyo, ningemwita fundi kabla mtoto hajaligusa."

Hilo neno sijalisahau. Angelinunua. Kwa hiyo nilificha kitu ambacho kingekuwa wazi nisingekosa hata biashara yenyewe.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ni ukurasa wa biashara. Kioo kipya nililipa 70,000. Rola nne kwa 6,000 kila moja, 24,000. Fundi 15,000. Matibabu ya mtoto 18,000. Nauli zangu za kwenda na kurudi 8,000. Jumla 135,000. Toa ile faida ya 85,000, nimeingia hasara ya 50,000. Ningebadilisha rola siku ile fundi aliponiambia, ningetumia 39,000 tu, nikabaki na faida 46,000 safi na mama wa Mbagala angekuwa ananiletea wateja mpaka leo. Tofauti ya uamuzi mmoja ni 96,000. Na hapo sijauweka mguu wa mtoto kwenye hesabu, maana hauna bei.

Kwa nini mlango ulichomoka?

Hapa ndipo wengi hatujui, na mimi nilielezwa na fundi wa Keko aliyekuja kurekebisha. Kabati nyingi za kuslaidi zina reli mbili, ya chini na ya juu. Kwenye kabati kama lile, uzito wote wa mlango umekaa kwenye rola za chini. Reli ya juu haibebi kitu, inashikilia tu mlango usianguke mbele. Sasa rola ikila, mlango unashuka. Milimita chache tu, huoni kwa macho. Lakini kule juu nako ule ukingo uliokuwa umeingia ndani ya reli unatoka kwa milimita zilezile. Mwisho unabaki umeshikwa na kaukingo kadogo. Akija mtoto akavuta kuelekea kwake badala ya kusukuma pembeni, umetoka.

Na usidharau uzito wa kioo. Kioo cha meta moja ya mraba, kila milimita moja ya unene ni kilo 2.5. Chukua kioo cha milimita 4, upana sentimita 80, urefu meta 2. Hiyo ni meta za mraba 1.6, sawa na kilo 16 za kioo peke yake. Bado ubao wa nyuma, bado fremu. Vyote hivyo viko juu ya vigurudumu viwili vya plastiki vyenye ukubwa wa kifuniko cha soda. Vikiisha vimeisha, havibembelezwi kwa mafuta.

Utajuaje rola zimekwisha?

Sukuma mlango taratibu kwa vidole viwili. Ukidunda kila baada ya umbali uleule, rola ina bapa upande mmoja. Ukilia kama unakwaruza chuma, gurudumu halizunguki tena, linaburuzwa. Angalia reli ya chini: ukikuta unga mweupe au mweusi wa plastiki, hiyo ndiyo rola yako inasagika. Halafu simama mbali utazame mlango na ubavu wa kabati. Nafasi ikiwa pana juu na finyu chini, au kinyume chake, mlango umelala upande mmoja. Inaweza kuwa rola moja imeisha, au imelegea tu na inahitaji kurekebishwa kimo.

Jinsi ninavyobadilisha sasa hivi

Siku hizi kabati likifika kwangu nafanya mwenyewe na kijana wangu mmoja. Si kazi ya kutisha, lakini usiifanye peke yako, hasa mlango ukiwa wa kioo.

1. Toa vitu vyote kabatini na uondoe watoto chumbani. Vaa viatu, siyo kandambili.

2. Piga picha ya rola na reli kabla hujagusa kitu. Utanishukuru wakati wa kurudisha.

3. Tafuta skrubu ya kurekebisha kimo, mara nyingi iko chini kabisa pembeni mwa mlango. Izungushe ili mlango ushuke, upate nafasi kule juu. Kama kuna kizuizi cha kuzuia mlango usiruke reli, kifungue kwanza.

4. Anza na mlango wa mbele. Mmoja kila upande. Nyanyueni mlango wima uingie ndani zaidi ya reli ya juu, vuteni upande wa chini kuja kwenu mpaka rola zitoke relini, halafu shusheni. Ule wa nyuma utatoka baada ya huo.

5. Ulaze juu ya godoro au mablanketi. Kioo hakilazwi kwenye sakafu tupu.

6. Fungua rola ya zamani. Yangu ilishikwa na skrubu mbili. Kama ni mlango wa fremu ya alumini, rola inaweza kuwa imejificha ndani ya fremu, na hapo bora uite fundi mara ya kwanza ujifunze.

7. Badilisha zote mbili za mlango huo, hata kama moja bado inaonekana nzima. Ukiweka mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine, mlango utalala.

8. Kama tundu la skrubu limelegea, maana mbao za kusindika zinachoka, jaza njiti za kiberiti na gundi ya mbao, acha ikauke, ndipo ufunge skrubu upya.

9. Safisha reli kabla ya kurudisha mlango. Mswaki wa zamani na kitambaa kikavu vinatosha. Usipake grisi wala mafuta ya kula. Yatakamata vumbi, vumbi litakuwa msasa, na rola mpya utaila mwenyewe. Pitisha kidole kwenye reli, ukikuta imebonyea au ina kona kali, rekebisha hiyo kwanza.

10. Rudisha mlango wa nyuma kwanza, wa mbele baadaye. Zungusha skrubu ya kimo nusu mzunguko, tazama, tena nusu, mpaka mlango usimame sambamba na ubavu wa kabati. Mwisho kabisa, angalia juu. Hakikisha ukingo wa mlango umeingia vizuri ndani ya reli. Jaribu kuuvuta kuelekea kwako kama mtoto angefanya. Usipotoka, umemaliza. Kile kizuizi ulichofungua nacho ukirudishe.

Kuna kabati nyingine uzito wake uko juu, mlango unaning'inia kwenye rola za reli ya juu na chini kuna kiongozi tu. Hizo ukikosea kufunga, mlango mzima unashuka. Mimi zile namwachia fundi, na wewe kama hujawahi fanya hivyo.

Kwa mnaouza rola zenyewe mtandaoni

Hapa nina ugomvi kidogo na ninyi, tuvumiliane. Nilipotafuta rola za yule mama nilikuta matangazo mengi yenye picha nzuri na maneno "inafaa kabati zote". Ndugu zangu, hakuna rola inayofaa kabati zote. Niliagiza seti ya kwanza kwa kuamini neno hilo, boda akaleta, gurudumu lina mfereji katikati wakati reli yangu yenyewe ndiyo ina mfereji. Havikutani hata kidogo. Muuzaji akasema bidhaa ikitoka hairudi. Hela ile sikuiweka hata kwenye hesabu ya juu, niliifuta moyoni.

Mteja wa spea hanunui picha, ananunua vipimo. Ukitaka maswali yapungue na mzigo usirudi, weka picha ya rola ikiwa pembeni ya rula, halafu andika vitu vinne: kipenyo cha gurudumu, unene wake, umbo la ukingo wake kama una mfereji, umebinuka au ni bapa, na umbali kati ya tundu moja la skrubu na lingine, kupimwa katikati hadi katikati. Muombe na mteja akutumie picha ya rola yake ya zamani ikiwa kwenye rula, pamoja na picha ya reli. Dakika tano za kuchati zinaokoa boda mbili. Na kama unatuma mkoani kwa basi, hapo ndiyo usithubutu kukisia, maana nauli ya kurudisha inaweza kuzidi bei ya rola.

Nijibu hoja mbili

Hoja ya kwanza: "Nikirekebisha kila kitu, bei itapanda na wateja watakimbia." Ni kweli kuna wateja wanatafuta bei ya chini tu. Basi mpe bei mbili. Mimi sasa naandika: "Rola za mlango wa kioo zimechoka. Ukilichukua hivi 250,000. Nikikufungia rola mpya 295,000." Unajua kinachotokea? Wapo wanaochagua ya kwanza kwa sababu wana fundi wao, na wanaondoka na amani. Wapo wanaochagua ya pili. Wote wameamua wakiwa wanajua. Na ile 45,000 ya nyongeza inalipa rola, inalipa fundi, na kitu kidogo kinabaki.

Hoja ya pili: "Mbona alikuja akaliona, si angekagua mwenyewe?" Wateja wetu wengi hawaji. Ndiyo maana wananunua mtandaoni. Macho yao ni simu yako. Ukichagua cha kuwaonyesha na cha kuwaficha, umechukua na nafasi yao ya kukagua. Na kwa taarifa tu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hapa kwetu Tanzania inakataza kumpotosha mlaji kibiashara, haijasema kwamba sisi wa Insta tumesamehewa. Lakini mimi sikubadilika kwa sababu ya sheria. Nilibadilika kwa sababu ya kile kiti nilichopewa Mbagala.

Kitu kimoja nikubali: siyo kila kasoro inahitaji kurekebishwa. Mkwaruzo ubavuni, mpini uliopauka, droo moja isiyo na kufuli, hizo zionyeshe kwenye picha na uuze hivyohivyo, ni mtumba. Mimi mstari wangu nimeuchora kwenye vitu vinavyoweza kumwangukia mtu. Mlango wa kuslaidi, kitanda cha ghorofa, rafu ya ukutani, kioo. Hivyo havitoki kwangu vikiwa vibovu bila mteja kujua, na mlango wa kioo unaotetereka hautoki kabisa mpaka urekebishwe au uondolewe.

Kwa hiyo kuanzia sasa utaratibu wangu wa kupost kabati ni huu, uchukue ukikufaa: video moja ya sekunde 20, mkono wangu unasukuma kila mlango kwenda na kurudi, sauti ikiwa wazi, bila kuweka muziki juu yake. Muziki unaficha krrr. Picha moja ya reli ya chini. Picha moja ya rola kama naweza kuifikia. Halafu sentensi moja ya ukweli kuhusu kasoro, mwanzoni mwa caption, siyo mwishoni kabisa.

Yule mjukuu amepona, anaruka kamba. Juzi mama yake mdogo alinitafuta anahitaji meza ya kusomea. Sikuamini. Nikamtumia video ya meza, nikaitikisa mbele ya kamera mguu mmoja uonekane unavyocheza, nikamwambia nitaufunga kabla sijaituma. Akajibu neno moja tu: "Nakuamini."

Neno hilo nilishaliuza mara moja kwa 39,000. Siliuzi tena.

Wewe unauza nini, na kasoro gani huwa unashawishika kuificha? Tuambiane ukweli hapo chini, hakuna atakayemcheka mwenzake. Na kama una jirani anauza fenicha za mkononi, mtumie hii aisome kabla hajapost kabati linalofuata.

Kazi njema, na mauzo yawe ya amani.